Deki ya Marehemu Tamimu

Mwanamkuu alisikiliza beti mbili tu, akanyoosha mkono kutafuta kitufe cha kuzimia. Vidole vyake vilipita juu ya plastiki laini, nyepesi, visikute kitu anachokijua.

"Zima," alisema. "Huyu si Tamimu."

"Ni yeye, mama," alijibu mwanawe Ismaily. "CD ni ile ile. Nimeiweka mwenyewe."

"CD najua ni ile. Nauliza hii inayoiimba ni nini?"

Mwanamkuu alikuwa amerudi Kibiti asubuhi ile akitokea Mbuchi, kule delta, alikokaa siku kumi na mbili kumtazama binti yake Sabra aliyekuwa amejifungua. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, watu akawaona kama vivuli vinavyopita nyuma ya pazia, kwa hiyo mambo mengi ya dunia aliyapokea kwa masikio. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa kwenye mkeka, akaweka CD ya kaswida ambayo marehemu mumewe aliirekodi na kikundi chake mwaka 2004, akaisikiliza mpaka mwisho. Tamimu alikuwa fundi mwashi, na nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, lakini watu wa Kibiti walimjua zaidi kwa sauti. Tangu afariki, miaka minne iliyopita, deki yake nyeusi ya bati, aliyoinunua dukani kwa Kanji, ndiyo iliyokuwa ikimrudisha nyumbani kila alasiri.

Sasa mahali pa deki ile palikaa kitu chembamba chenye taa za bluu na nyekundu zilizokuwa zikikimbizana.

"Ile iliungua," alisema Ismaily. "Ulipokuwa Mbuchi umeme ulikuja kwa nguvu, ikatoa moshi. Nimekununulia mpya. Hii inapiga CD, inapiga DVD, ina sehemu ya fleshi, hata simu inaungana nayo. Ina rimoti."

"Iko wapi iliyoungua?"

"Nimeitupa. Ilikuwa inanuka."

Zaitun, mke wa Ismaily, alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa mchele. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchagua mawe ambayo hayakuwemo.

"Hebu weka tena," alisema Mwanamkuu.

Ismaily akabonyeza rimoti. Kaswida ikaanza upya. Mwanamkuu alisikiliza akiwa ameinamisha shingo upande, uso umekunjamana kama mtu aliyetafuna ndimu.

"Sikiliza, Ismaily. Baba yako kabla ya ubeti wa tatu huvuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua tofali. Hapa haipo. Na hilo si dufu, mtu anapiga ndoo. Na kila anapotamka 'sa' panachachatika kama mafuta kwenye karai. Hata sisi wanawake tunaoitikia, mie najijua nimesimama wapi, nyuma ya Bi Tabu, kushoto. Hapa tumefungiwa sote ndani ya kopo."

Ismaily alicheka kwa pua. Alikuwa karani wa ghala la ufuta na korosho, mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye mashati yaliyopigwa pasi na sauti ya kuwashawishi watu.

"Mama, ile ilikuwa ya mwaka tisini na nane. Kitu cha zamani namna ile kitaipitaje ya sasa? Mashine haina kosa. Ni masikio yako."

"Masikio yangu?"

"Umri, mama. Yalianza macho, sasa masikio. Si aibu."

Alilisema hilo kwa upole sana, akimgusa mama yake begani, na upole ule ulimchefua Mwanamkuu kuliko kama angemkaripia.

*

Neno halikukaa ndani. Ijumaa, nje ya msikiti, Ismaily aliwaambia wawili watatu kwamba mama sasa hasikii vizuri, wamwombee. Jumamosi jirani alipita uani, akasimama hatua mbili kutoka kwa Mwanamkuu, akapiga kelele, "SHIKAMOO MAMA! UMEAMKAJE?"

"Marahaba. Nimeamka salama, na ungenong'ona ningekusikia."

Jirani akacheka, akageuka, akamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida, "Maskini, bado hajakubali."

Mwanamkuu alilisikia hilo pia.

Kilichomuuma hasa kilikuja Alhamisi. Tangu Tamimu afariki, mabinti wa madrasa walikuwa wakija kwake siku hiyo kufundishwa kaswida. Alikuwa akiwasikiliza kumi na wanne wakiimba pamoja, kisha akanyoosha kidole kwa mmoja: weye umepanda, shuka, weye mwenzangu umeanza kabla ya dufu. Hakukosea. Alhamisi ile alitandika mikeka miwili, akachemsha maji ya tangawizi, akangoja. Hawakuja. Magharibi ilipokaribia, mama wa binti mmoja alifika na kipande cha keki kwenye sahani, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Mama, tumeona upumzike," alisema. "Watoto wana makelele. Tumempata kijana mmoja wa kuwafundisha, ana muziki wa kwenye simu, wanafuatisha."

"Nani amewaambia nimechoka?"

"Hakuna, mama. Ni kukuonea huruma tu."

Alipoondoka, Mwanamkuu alimpa kuku ile keki. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akasugua vidole viwili karibu na sikio la kulia, halafu la kushoto. Alisikia ngozi ikisuguana. Alisikia mjusi darini. Alisikia Zaitun jikoni akivuta kamasi. Hata hivyo, usiku huo alikuwa na shaka, na shaka ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mtu akiambiwa na mwanawe, na majirani, na wanawake wa msikitini kwamba jua ni la kijani, ataanza kuliangalia kwa wasiwasi.

*

Jumatatu alipanda bodaboda peke yake, CD akiwa ameifunga kwenye upindo wa khanga, akashukia barabara kuu ya kwenda Lindi, mbele ya duka la Kanji.

Kanji mwenyewe alikwishafariki. Duka liliendeshwa na binti yake, Heena, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyekulia nyuma ya kaunta ile na kujifunza ufundi wa redio kwa kumshikia baba yake tochi. Alimwamkia Mwanamkuu, akamtolea kigoda.

"Mwanangu Heena," alisema Mwanamkuu, "nataka unijaribu masikio. Hospitali nitakwenda baadaye. Weye nakuamini zaidi, maana huna sababu ya kunihurumia."

Akamweleza jinsi deki mpya inavyolia, na maneno ya watu juu ya masikio yake. Heena hakucheka. Alishusha kutoka rafu ya juu deki moja nzito ya zamani, aliyoitengeneza na mwenyewe hakuja kuichukua, akaiweka karibu na deki mpya, nyembamba, aina ile ile aliyonunua Ismaily. Akaziunganisha zote mbili kwenye amplifaya moja na spika zile zile.

"Sauti nitaiweka kiasi kimoja," alisema. "Geukia barabarani, mama. Nitabadilisha bila kukwambia. Wewe utasema ya zamani au mpya."

Mwanamkuu akageuka. Kaswida ikaanza.

"Mpya," alisema, hata ubeti haujaisha.

Heena akabadilisha.

"Ya zamani. Hiyo si ya Tamimu, ya Tamimu ilikuwa na dufu zito zaidi, lakini ni jamaa yake."

Wakaendelea. Mara nane, na mara zote nane alipatia. Mteja mmoja aliyekuja kununua balbu alisahau balbu yake, akabaki ameegemea kaunta. "Hata mimi naisikia tofauti," alisema, "ila sikujua kuna cha kusikia."

"Si uchawi," alisema Heena. "CD ina tarakimu tu. Deki ndiyo inayozigeuza ziwe sauti, na hapo ndipo mashine zinapoachana. Ile ya mzee ilitengenezwa kwa kazi hiyo moja: ina transfoma kubwa, bati la kuishika isitetemeke, sehemu nzuri ya kugeuzia sauti. Hizi zinazoletwa huku sasa, kila kitu kimebanwa ndani ya kidude kimoja cha bei chee, picha humo, fleshi humo, taa za disko humo. Simaanishi kila kipya ni kibovu. Zipo mpya nzuri mno, ila bei yake unapata ng'ombe, haziji Kibiti. Na za zamani mbovu nimezitupa nyingi tu. Lakini ukilinganisha ile ya mzee Tamimu na hiki alichokununulia, hata mbuzi angejua."

Mwanamkuu alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Mbuchi. Alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Basi mie mzima."

"Mzima kabisa."

"Alhamdulillahi. Sasa kilichobaki ni kuilia tu ile iliyoungua."

Heena aliyekuwa akikunja waya akasimama. "Iliungua lini?"

"Nilipokuwa Mbuchi. Ismaily anasema ilitoa moshi."

Heena aliutazama mlango, akautazama uso wa mama yule mwenye macho meupe, akaona kwamba kunyamaza kungemfanya awe mmoja wao.

"Mama, ile deki haikuungua. Ismaily aliileta hapa wiki mbili zilizopita. Nimeisafisha lenzi mimi mwenyewe, nikabadilisha mkanda wa trei. Akataka niipake rangi palipochubuka. Aliniambia anampelekea zawadi mkubwa wake wa kazi."

*

Zaitun alikuwa akikuna nazi Mwanamkuu aliporudi. Mama mkwe alikaa karibu naye mpaka kifuu kikaisha nyama.

"Ulijua?"

Zaitun hakuuliza kujua nini. "Nilijua, mama."

"Ukanyamaza. Ukakaa unachagua mawe."

"Meneja alifika hapa siku moja kumfuata Ismaily, akaisikia inapiga. Akasema mashine kama hizi anazitafuta miaka. Siku zile alikuwa anachagua msimamizi wa maghala. Ismaily aliniambia akipata cheo kile, cha kwanza atakupeleka ukatibiwe macho."

"Kwa hiyo nimeuzwa masikio ninunuliwe macho."

"Alisema hivyo, mama."

"Na weye ukamwamini?"

Zaitun alikitupa kifuu. "Nilitaka kumwamini," alisema.

Mwanamkuu aliamua kutosema kitu. Alitaka Ismaily aseme mwenyewe. Siku nne mfululizo alimfungulia mlango: alimuuliza moshi ule ulikuwa na rangi gani, akamuuliza jalala aliloitupia ni lipi, akamwambia kwamba mtu akikosea kwa mama yake hana haja ya kutafuta maneno mazuri. Ismaily alijibu kila swali kwa wepesi. Moshi ulikuwa mweusi. Jalala la nyuma ya soko. Alimimina uongo kama mtu anayemimina chai, bila tone kumwagika, na Mwanamkuu akagundua kwa kuchukia kwamba mtoto huyu alikuwa na mazoezi.

Siku ya tano Ismaily aliingia akipiga mluzi. Jumapili wamealikwa wote chakula cha mchana kwa meneja, Bwana Abdulazizi, kwenye nyumba yake ya shambani ng'ambo ya daraja la Ndundu. Meneja anataka kuzijua familia za watu wake. Atatuma gari.

"Mama anaweza kubaki," alisema. "Njia ndefu."

"Nitakwenda," alisema Mwanamkuu. "Nataka kumjua aliyekupenda mwanangu."

*

Sebule ya Bwana Abdulazizi ilikuwa pana, yenye feni mbili na harufu ya zulia jipya. Walikuwepo wageni kama kumi, wafanyakazi na wake zao. Ndani ya gari Ismaily alikuwa amemwonya mama yake mara tatu: usizungumze sana, wakubwa hawapendi maneno. Alimkalisha kwenye kochi la pembeni, Zaitun ubavuni mwake. Pilau ya mbuzi ililetwa, na kachumbari, na juisi ya ukwaju.

Watu walipoanza kula, meneja alisimama. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayependa kusikilizwa.

"Kabla hamjashiba, nataka niwaonyeshe kitu. Nyamazeni."

Akaweka taarabu ya zamani. Zikaanza fidla, kisha ngoma ikaingia chini yake, ngozi na mbao, nzito, imetulia, kila kitu kimekaa mahali pake. Kijiko cha Mwanamkuu kilisimama. Angeijua deki ile katikati ya soko la Kibiti siku ya gulio.

"Mnasikia?" alisema meneja. "Mnasikia chini pale? Hivi vya siku hizi ni takataka. Ismaily, ulisemaje vile siku ulipoileta?"

Ismaily alikuwa na tonge mdomoni. "Nimesahau, mkuu."

"Hujasahau! Alisema hivi vipya vinalia kama nyuki ndani ya kopo. Nyuki ndani ya kopo!" Wageni wakacheka. Ismaily akacheka pia.

Zaitun alihisi mkono wa mama mkwe wake ukitafuta wake juu ya kochi.

"Bwana," alisema Mwanamkuu, sauti yake ya kawaida, "hiyo umeinunua wapi?"

"Sikununua, bibi. Zawadi ya kijana wangu huyu. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Alisema nyumbani imekaa tu, hakuna wa kuisikiliza."

"Mie ndiye mke wa huyo marehemu. Naisikiliza kila alasiri. Nilikuwa naisikiliza."

Vijiko vikapungua kugonga sahani. Meneja alimtazama Mwanamkuu, kisha akamgeukia Ismaily.

"Si uliniambia mama yako hasikii?"

Ismaily alikuwa na nafasi pale. Angeweza kusema, mkuu, nimekosa. Angeweza hata kukohoa na kutoka nje. Watu wangemcheka wiki moja, wakasahau. Badala yake aliweka sahani chini, akapanguza vidole kimoja kimoja, akavuka sebule, akainama mpaka mdomo wake ukagusa khanga ya mama yake.

"MAMA!" alipiga kelele ndani ya sikio lake. "KULA! CHAKULA KINAPOA!"

Mwanamkuu alishtuka, mchele ukamwagika mapajani. Ismaily akainuka, akawatazama wageni kwa huzuni.

"Mtusamehe. Hupata vipande vipande vya maneno, akavichanganya. Nyumbani hukaa mbele ya deki iliyozimwa kabisa, akawa anatikisa kichwa. Anadhani inapiga. Mimi humwacha tu, ni mzazi."

"Masikini ya Mungu," alisema mwanamke mmoja, akajisogeza, akampiga Mwanamkuu magotini kwa kiganja. "POLE BIBI! NDIO UZEE!"

Bwana Abdulazizi alikuwa amekwisha kutambua. Bibi huyu ameyajibu maneno yake yaliyosemwa kwa sauti ya kawaida, muziki ukiwa unapiga, tena kutoka upande wa pili wa sebule. Meneja alimtazama karani wake, akaitazama deki nyeusi iliyong'arishwa ikiwa kwenye kabati lake la kioo, akaona anavyoipenda. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.

Mwanamkuu angesema nini? Angepaza sauti, wangesema ndivyo walivyo viziwi. Angelia, wangesema akili imekwenda. Aliokota punje za mchele mapajani, akazirudisha kwenye sahani. Kisha akala. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake akitabasamu, akingoja kumwona akila, naye akala tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikawa tupu.

*

Walirudishwa kwa gari la meneja, jeupe, lenye viti vya ngozi. Dereva aliitwa Khamisi. Ismaily alikaa mbele, amelegeza tai, akizungumza mfululizo. Meneja alikuwa amemshika bega alipokuwa akimuaga. Meneja alimwambia, wewe ni mtu wa kutegemewa. Mtu haambiwi hivyo bure.

"Na wewe mama, karibu uniharibie. Lakini Mungu mkubwa."

Gari lilikuwa limelivuka daraja, mto Rufiji umebaki nyuma, Mwanamkuu aliposema, "Khamisi, baba, simama."

"Kuna nini tena?" alisema Ismaily.

"Simama, mwanangu."

Dereva aliegesha. Zaitun alifungua mlango, lakini Mwanamkuu hakuwahi kutoa miguu yote nje. Alitapika pale pale, nusu barabarani, nusu kwenye ukingo wa mlango: pilau, kachumbari, juisi ya ukwaju, vyote. Alitapika mpaka ikabaki maji, na maji yalipokwisha aliendelea kujikamua bila kitu, mkono mmoja ukiwa umekamata nyasi. Matapishi yalimchafua kidevu, yakashuka kwenye buibui.

Ismaily aliruka nje, akazunguka gari. Alitoa leso mfukoni, leso nyeupe iliyopigwa pasi. Akainama. Akaanza kuufuta mlango wa gari.

Aliufuta kwa makini, kona hadi kona, akatema mate kwenye leso, akarudia penye doa. "Ngozi hii huingia harufu," alisema. "Khamisi, nakuomba usimwambie mkuu. Tutaliosha Kibiti."

Khamisi alichukua chupa yake ya maji ya kunywa, akampita Ismaily bila kumtazama, akampa Zaitun. Zaitun akavua mtandio wake mwenyewe, akaulowesha, akamfuta mama mkwe wake uso.

Asubuhi yake Mwanamkuu alifunga nguo zake na ile CD kwenye kifurushi. Ismaily alisimama mlangoni, akasema mama anawapa watu la kusema, kuondoka kwa mwanawe kama aliyefukuzwa. Mwanamkuu aliwabusu wajukuu, akapanda gari la kwenda delta.

*

Miezi miwili ilipita. Huko Mbuchi Mwanamkuu aliishi kwa Sabra, akimlea mtoto mchanga, akawafundisha wanawake wa kijiji kaswida bila mashine yoyote, kwa kinywa chake na kwa meza aliyoipiga kwa viganja mahali pa dufu. Ismaily alipiga simu mara mbili. Mama yake aliuliza hali ya watoto, akamrudishia Sabra simu.

Siku moja Zaitun alifika, amemleta mtoto wake mdogo, miguu yote tope la mashamba ya mpunga. Alikunywa maji, akapumzika, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Amepata kile cheo."

"Mungu amjalie."

"Macho yako hajayataja hata siku moja, mama. Nilipomkumbusha aliniambia nisimletee presha." Zaitun alivuta pumzi. "Ile deki haipo tena kwa meneja. Kuna rafiki yake wa Dar aliiona, akamwachia. Meneja mwenyewe alikaa nayo wiki sita tu. Sasa anataka nyingine kama ile, tena zaidi ya moja, wakubwa wenzake wanaziulizia. Amempa Ismaily kazi hiyo. Ismaily anakumbuka kwamba enzi za bei nzuri ya kamba wa baharini, wanaume wa huku delta walinunua deki nzuri na jenereta. Wengi wamekufa, mashine ziko kwa wake zao."

Sabra, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, akasita. "Unasema nini, wifi?"

"Nasema anapita kwa wajane. Amebeba maboksi ya zile nyembamba zenye taa. Anawaambia za zamani zinakula umeme, zinaunguza nyumba, anawabadilishia bure kwa hisani. Mwenye kubisha anamwambia masikio yake yamechoka. Juzi amechukua tatu. Kesho yuko hapa Mbuchi. Nimetangulia kukwambieni."

Kinywa cha Mwanamkuu kilijaa mate machungu, yale yale ya kando ya barabara. Kisha akajifunga khanga, akanyoosha mkono.

"Zaitun, nishike. Mjane wa kwanza ni nyumba ya tatu kutoka hapa."

Walikwenda polepole, Zaitun akimwonyesha penye dimbwi. Bi Tabu aliyekuwa akiitikia naye kaswida zamani, mjane sasa, alikuwa uani akianua samaki. Nyuma yake, ndani, deki yake ilikuwa ikipiga kwa sauti ndogo, safi. Mwanamkuu alipiga hodi, akakaribishwa, hakukubali kukaa. Akasema kwa kifupi alichokuja kusema: kesho atafika mtu na maboksi, ana maneno matamu, asimpe mashine yake, na amwambie jirani, na jirani amwambie mwenzake.

Bi Tabu aliweka ungo chini. "Kha! Watu hawana haya. Mtu mzima anazunguka kuwaibia wajane! Ni wa wapi huyo? Mtoto wa nani?"

Zaitun alitazama chini. Mwanamkuu aliusawazisha mtandio wake kichwani, akauelekeza uso wake palipotoka sauti ya Bi Tabu.

"Wangu," alisema. "Nimemzaa mie. Anaitwa Ismaily, mtoto wa Tamimu. Mkimwona, msimfungulie."